Mkono wa Walii

Niliolewa nikiwa na miaka thelathini na nne, umri ambao kwetu Unguja watu wameshaacha kukuuliza utaolewa lini na wameanza kukuuliza kama u mzima. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, nina ulimi mkali, na posa mbili za mwanzo nilizirudisha mwenyewe. Ya tatu ilitoka kwa fundi wa mafriji wa Chukwani, mtu aliyefiwa na mkewe, mpole, asiyependa maneno mengi. Nikaona huyu tutawezana. Posa ikapokewa, ndipo likaja suali ambalo nilikuwa nalijua siku nyingi na nikijifanya silijui: nani ataniozesha?

Baba alikuwa ameshafariki, na babu kabla yake. Kwa sharia anayefuata kuwa walii ni kaka wa baba mmoja mama mmoja, na huyo ninaye mmoja tu, aliyenizidi miaka saba. Alianza kuvuta unga mimi sijamaliza skuli. Na alikuwa akisikia sauti ambazo sisi wengine hatuzisikii. Kipi kilitangulia, sijui mpaka leo. Mama alisema sauti ndizo zilizomtia kwenye unga. Ami, mdogo wake baba, alisema unga ndio uliomletea sauti. Walibishana hilo mbele yake, yeye amekaa pale pale mkekani anakula mkate wake, kama watu wanaobishana juu ya paa linalovuja.

Tulipoanza kumtafutia tiba tulikuta milango miwili, kila mmoja unatuelekeza kwa mwengine. Hospitalini, upande wa wagonjwa wa akili, walitwambia aache unga kwanza. Tukampeleka kwenye soba, zile nyumba wanazokaa watu wanaoacha unga, wakatwambia hapa hatupokei mtu anayemeza vidonge vya akili, kwetu kilevi ni kilevi hata kikitoka kwa daktari. Nilikwenda na kurudi sijui mara ngapi. Siku moja nikamwambia msimamizi wa soba kwamba kama wanataka wagonjwa wasioumwa basi wafungue hoteli. Hakucheka, na kaka hakupokewa. Mama alifariki katikati ya kwenda na kurudi huko. Neno lake la mwisho nililolisikia vizuri lilikuwa kuuliza kama kaka kala.

Halafu ikafunguliwa kliniki iliyokubali kutibu maradhi yote mawili pamoja. Asubuhi alikunywa dawa ya maji, ya kumwondolea hamu ya unga, mbele ya muuguzi. Jioni alimeza vidonge nyumbani, vya kuzituliza zile sauti. Siku ya kwanza tulipofika, muuguzi, msichana ambaye ningeweza kuwa nimemsomesha, aliinuka kitini akamtazama kaka na kumwambia, "Shikamoo, kaka."

Kaka aligeuka nyuma kumwangalia anayeamkiwa. Hakukuwa na mtu, ukuta tu.

"Marahaba," akasema, imechelewa.

Njiani kurudi tulifika Mpendae. Hapo akaniambia, "Kaniamkia yule."

"Nimesikia."

"Kaniamkia mimi."

Nililia, naye akajifanya hanioni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kumwamkia kaka yangu, na sikumbuki niliacha lini. Hakuna siku niliyoamua. Adabu yangu kwake ilikwisha kidogo kidogo, kama sukari ndani ya kopo, na siku unapotia kijiko ndiyo unajua hamna kitu. Kesho yake asubuhi nikamwamkia. Akaniambia, "We umeanza lini kuwa na adabu?"

Miezi kumi na moja alikwenda kliniki bila kukosa. Alipata kibarua Darajani, kwenye duka la vyombo la jirani yetu, akawa anapanga masufuria. Alinenepa. Alianza tena kunitania, kwamba mchuzi wangu ungetosha kumwachisha mtu unga bila ya daktari. Usiku alilala katika nyumba yetu ile ile ya Mji Mkongwe, na mimi chumba cha pili nikasinzia bila ya kutega sikio kwa mara ya kwanza tangu usichana wangu. Naam, ilikuwa raha, na sitaki mtu anambie kwamba haikuwa.

Ila vidonge vile vilikuwa na lao. Vilimtetemesha mikono. Si sana, lakini chai alijaza nusu kikombe, na dukani walimwondoa kwenye glasi wakamwekea masufuria. Na mtaani kwetu mkono unaotetemeka una tafsiri moja. "Ana arosto huyo," watasema, "hajapata kitu leo." Arosto ni yale mateso ya mwili uliozoea unga ukaukosa. Mtu anatetemeka kwa sababu anajitibu, wao wanasema anatetemeka kwa sababu hajavuta.

Posa ilipopokewa, ami alikuja nyumbani na wazee wawili wa ukoo. Sitaki kumfanya ami mtu mbaya. Ndiye aliyemtoa kaka polisi mara tatu, na ndiye aliyemzika mama. Lakini alikaa, akanywa kahawa yake, akasema nikahi ataifungisha yeye.

"Kaka yangu yupo, ami," nikasema.

"Yupo wapi?"

"Huyo hapo."

Kaka alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, anakunja nguo zake. Ami hakugeuza hata shingo. "Mwanangu, mwendawazimu haozeshi," akasema. "Na teja haozeshi. Huyu ni vyote viwili. Unataka watu wacheke mpaka wachoke?"

Nilisema maneno ambayo mwanamke hamwambii ami yake, na wazee wakatazama vikombe vyao. Mwishowe tukapatana tumuulize sheikh wa msikiti wa mtaani. Sheikh akasema hawezi kujibu bila ya kumwona mwenyewe anayezungumzwa. Akaja. Hakumuuliza ami wala hakuniuliza mimi. Alikaa mkekani, magoti yake yakagusana na ya kaka, akamuuliza yeye. Leo siku gani? Unataka kumwozesha nani, na kwa nani? Kaka akajibu yote. Kisha sheikh akamuuliza, "Na wewe, walii, umeridhika na huyo mume?"

"Nimeridhika," kaka akasema. "Nilikwenda Chukwani, nikauliza majirani. Wamenambia hana ugomvi na mtu. Na mkewe alipoumwa alimuuguza mwenyewe mpaka mwisho."

Hakuna aliyejua kama alikwenda. Mimi sikujua. Alipanda gari peke yake, akabisha hodi kwa watu asiowajua na mikono yake ile, akauliza habari za mtu atakayemwoa dada yake. Ami hakufanya hivyo. Ami aliuliza ukoo tu.

"Huyu ana akili yake na katubu," sheikh akasema. "Haki ni yake." Ami akanyanyuka akatafuta viatu vyake.

Ningekomea hapo, hadithi ingekuwa nzuri na mimi ndani yake ningekuwa mtu mwema.

Zilibaki siku kumi. Kaka alikuwa akijifunza maneno ya kuozesha, na jioni moja akaniomba nijifanye bwana harusi. Nikakaa mbele yake na kumpa mkono wangu wa kulia, kwa sababu ndivyo inavyofungwa, walii kaushika mkono wa mume mbele ya watu wote. Akaushika. Akaanza, "Nimekuoza…" Mkono wake ukatetemeka ndani ya wangu, nami nikautazama, na akili yangu ikakimbilia msikitini. Nikamwona ami amekaa safu ya mbele. Nikaziona simu zimenyanyuliwa zinarikodi. Nikawasikia wake zao usiku ule ule wakisema, umeuona mkono?

"Kaka," nikasema, "vile vidonge. Huwezi kuviacha mpaka nikahi ipite?"

Akautazama mkono wake. "Unaona haya?"

"Si haya. Nnaogopa watakusema."

"Watanisema mimi au watakusema wewe?"

Sikujibu. Akauachia mkono wangu.

"Basi n'taviacha."

"Ile ya maji uendelee."

"Ya maji n'takunywa."

Nilijiambia nafanya hivyo kwa heshima yake. Mimi niliyewatukana watu wa soba, niliyemvunjia ami adabu, nilimwambia kaka yangu aache tiba ili aonekane mzima. Sikumuuliza daktari. Sikumuuliza hata yule muuguzi ambaye nilikuwa na namba yake kwenye simu. Niliona hilo ni jambo letu la nyumbani, la siku chache tu, kama mtu anayeficha ndoo chini ya meza wageni wakija.

Nikahi ilikuwa alasiri, msikiti uliotazamana na nyumba yetu. Kabla ya hapo kaka alikuja na mashahidi wawili mpaka kwenye pazia la chumba nilichokuwa, kuchukua idhini yangu. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mdogo wangu, unaniruhusu nikuozeshe kwa fulani, kwa mahari mliyopatana?" Bibi harusi kwetu hutakiwa anyamaze au alie kidogo. Mimi nilisema, "Nimekuruhusu, kaka," kwa sauti iliyosikika mpaka ngazini, na shangazi mmoja akanifinya. Kisha wakavuka njia kuingia msikitini. Kipaza sauti kilikuwa wazi, tukakaa wanawake dirishani kusikiliza. Alisema maneno yote bila ya kukosea herufi. Baadaye niliangalia video kwenye simu ya shemeji yangu. Kaka kavaa kanzu ya baba, kaushika mkono wa mume wangu, na mkono wake umetulia tuli.

Watu walimpongeza. "Mashallah, umepona," walimwambia, mmoja baada ya mwengine, na ami naye akamkumbatia. Neno hilo, umepona, ndilo lililotumaliza. Nani tena atataka kumeza vidonge akishaambiwa hivyo na mtaa mzima? Mimi nilikuwa Chukwani kwenye fungate, siku saba za kupikiwa na kutunzwa, na katika siku saba hizo sikumpigia simu hata mara moja kumwambia arudi kwenye vidonge. Wala sikusahau. Nilikumbuka kila jioni, nikasema kesho.

Wiki ya tatu jirani mwenye duka akanipigia. Kaka halali, akanambia, na ameziba mashimo ya sinki kwa matambara. Nikajua sauti zimerudi, na sasa anazisikia zikitokea humo. Ilikuwa Jumatatu. Nikasema nitakuja Ijumaa, kwa sababu mamamkwe alikuwa na wageni wake.

Jumatano walimkuta kwenye ngazi za nyumba mbovu nyuma ya soko, midomo imebadilika rangi. Sauti zilikuwa zimemwambia ile dawa ya maji imetiwa sumu, akaacha kwenda kliniki. Na zilipomzidi akaenda kutafuta kile kitu kimoja anachokijua tangu ujana ambacho huzinyamazisha. Hakufuata starehe. Watu wakisema teja karudia unga wanasema kama mtu karudia ngoma. Kaka yangu alitaka nyumba iwe kimya apate kulala.

Hakufa. Siku ya nne, kitandani hospitalini, alifumbua macho na kututambua. Yule muuguzi wa kliniki alikuja kumwangalia, faili mkononi. Alimwamkia kwanza, kisha akasema kwa upole, "Kaka, vidonge vya jioni vimeachwa zaidi ya mwezi. Nani alikwambia uviache?"

Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda. Nilifungua mdomo.

"Mwenyewe," kaka akasema.

Muuguzi akanitazama. Nikafunga mdomo wangu. Akaandika.

"Kama ni ule mtetemeko," akasema huku anaandika, "ungenambia tu. Kipo kidonge cha kuutuliza, kidogo hivi. Tungekupa siku hiyo hiyo."

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye benchi la nje, mkabala na mwanamke aliyekuwa akimmenyea mumewe chungwa. Kidogo hivi. Kingetosha kwenye ncha ya kidole, na mimi nilikuwa na namba ya simu.

Majuto ni mjukuu, lakini mimi wangu alizaliwa akaanza kutembea, na bado sikusema kitu. Ami alikuja, akasimama mlangoni pa wodi, akasema, "Si nilisema? Mtu anayekataa dawa mwenyewe umfanyeje?" Alisema hivyo mbele ya jamaa, na baadaye akasema tena nyumbani, na kila mara niliitikia kwa kutazama chini. Ulimi wangu, ambao mtaa mzima unaujua, ulikwenda wapi sijui. Kaka alinisikia nikinyamaza, mara zote.

Mume wangu alisema chumba kipo, tukamhamishia Chukwani. Alirudi kwenye tiba, lakini hakurudi pale alipokuwa. Daktari alisema huwa hivyo, kila maradhi yakirudi huondoka na kitu. Sauti sasa zinatulia, haziishi. Kazi ya dukani ilimshinda. Anakaa ukumbini na redio, anasikiliza habari za bei za karafuu ambazo hana hata mti wake mmoja. Mikono yake haitetemeki, kwa sababu anapewa kile kidonge.

Ilipita miezi minane. Siku moja ya kliniki sikuweza tena. Tulikuwa watatu chumbani, muuguzi nyuma ya meza, kaka kwenye kiti cha kati, mimi pembeni. Nikamwambia muuguzi, "Nnataka urekebishe faili."

Nikamweleza yote. Siku kumi, mkono, simu za watu msikitini, Ijumaa niliyoahidi. Nilisema nikalia, nikalia nikasema. Nikamwambia, mimi ndiye niliyemwachisha, yeye hakuwa na kosa, anaumwa, alinisikiliza kwa sababu mimi dada yake, angejua nini. Muuguzi hakunikatisha. Alikuwa ameshika kalamu lakini hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama kaka.

"Mimi nipo hapa," kaka akasema.

Nikafuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Unamwambia yeye. Mimi nimekaa hapa, unamwambia yeye." Sauti yake haikupanda. "Na mimi nilikuwa najua. Nilikuuliza watanisema mimi au wewe, hukunijibu, nikajua. Nikaviacha nikijua. Ningeweza kukataa. Usiseme angejua nini."

Muuguzi akauliza taratibu, "Kaka, unataka niandike nini?"

"Andika aliniomba, nikakubali."

Akaandika hivyo hivyo, akamgeuzia faili asome. Kaka akasoma, akatikisa kichwa kuwa ndiyo. Mimi nilikuwa nimebaki na aibu ambayo hata faili haikuitaka. Miaka yote nimewachukia watu wanaomzungumza kaka yangu mbele ya uso wake kama hayupo, na nilipokuja kutubu nilitubu juu ya kichwa chake.

Nikageuza kiti changu mpaka nikamwelekea. "Kaka," nikasema, "nilikukosea. Nilikuonea haya. Nnakuomba radhi."

Kwetu mtu akiombwa radhi jawabu inajulikana na wote. Nshakusamehe, tusameheane sote. Hutoka haraka, hata kwa mtu ambaye moyo wake bado uko mbali, kwa sababu kumwacha mwenzio anangoja ni kitu kizito. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuisikia kabla hajafungua mdomo. Nadhani hata machozi yangu yalikuwa yameanza kukauka.

"Sijui," kaka akasema. "Wacha nifikiri."

Muuguzi akaniangalia, nikadhani atamsihi, atasema kaka, dada yako huyu. Hakusema. Alimpa tarehe ya kurudi, na tukatoka.

Huu ni mwaka wa pili tangu siku ile. Tunakula pamoja, ananicheka nikigombana na watoto wa watu kuhusu madaftari yao, jana alinambia mchuzi umezidi ndimu. Zile sauti zikimjia hunita nikakae naye, na mimi nakwenda. Jawabu hajanipa. Zamani ningemfuata kuidai kila siku, ningemwambia haya basi, ningemtafutia sheikh aseme naye. Sasa nangoja, na kila siku inayopita naona kwamba huenda isije. Sijamuuliza tena.